Kusoma mwanga wa plazma mbili zinazogongana: mwongozo kamili wa kuanzia mezani kwako Tanga

Mwombe fundi umeme akuonyeshe testa yake, ile bisibisi yenye kitaa ndani ya mpini. Akiigusisha kwenye waya wenye umeme, kitaa kinawaka rangi ya chungwa. Mwanga huo hautoki kwenye waya uliopata moto kama ilivyokuwa kwa balbu za zamani. Ndani mna gesi ya neoni, na umeme umezing'oa elektroni kutoka kwa baadhi ya atomi zake. Gesi iliyofikia hali hiyo ndiyo plazma, ambayo baadhi ya kamusi zetu huiita utegili. Mafundi wote wa Ngamiani wanatembea nayo kwenye mfuko wa shati.

Nafundisha fizikia hapa Tanga, na mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya wanafunzi wangu waliomaliza kidato cha sita, walioko vyuoni, na mafundi wanaotaka kujua watafiti wa myeyungano wa nyuklia, yaani kuunganisha viini vya atomi ili kupata nishati, wanapimaje kitu ambacho hakigusiki. Ukiingiza kipimajoto kwenye plazma ya nyuzi milioni, kitayeyuka, na mabaki yake yataichafua plazma yenyewe. Kinachotoka kikiwa salama ni mwanga. Nusu ya kwanza utaifanya kwa mikono, nusu ya pili kwa daftari na kompyuta.

Jambo moja ulishike kabla hatujaendelea. Simama Raskazone usiku wa giza uangalie wavuvi. Ngalawa mbili zikijipanga kwenye mstari mmoja na jicho lako, unaona taa moja kubwa. Aliyeko Sahare anaziona ni mbili, tena zimeachana mbali. Mwanga wa plazma uko hivyohivyo: kinachokufikia ni jumla ya kila kilichowaka kwenye mstari wa macho yako. Ndiyo maana kifaa kimoja, hata kiwe cha bei gani, hakitoshi kukupa jibu.

Hatua ya kwanza: boksi, nyembe na DVD

Tafuta boksi la viatu, nyembe mbili, solotepu, rangi nyeusi isiyong'aa, simu yenye kamera na DVD moja isiyo na kazi. Mimi ya kwangu niliipata kwa fundi mzee anayetengeneza redio na deki.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Hizi zimekufa zote, unazipeleka wapi?"

Nilimwambia nataka mifuo yake. DVD imechorwa mfuo mmoja mrefu unaozunguka, na umbali kati ya mzunguko na mzunguko ni mikromita 0.74. CD ina mikromita 1.6, kwa hiyo DVD inatawanya rangi kwa upana zaidi. Mzee akanipa sita, hakutaka hela.

Kata kipande cha DVD chenye ukubwa wa stempu kubwa. DVD ni diski mbili zilizogandishwa, kwa hiyo ingiza ncha ya wembe pembeni uzitenganishe taratibu, ubaki na ile isiyo na utando wa fedha. Ikiwa ina rangi ya zambarau, isafishe kwa spiriti. Usiguse uso wake kwa vidole.

Paka ndani ya boksi rangi nyeusi. Upande mmoja toboa tundu, ulifunike kwa nyembe mbili zinazotazamana kwa makali, zikiacha mwanya wenye unene wa karatasi mbili za daftari, karibu milimita 0.2. Upande wa pili, sentimita 20 au 25 kutoka kwenye mwanya, weka kipande cha DVD. Hapa wengi hukosea: mifuo lazima ielekee sawa na mwanya. Ikiwa mwanya umesimama wima, mifuo nayo isimame wima, la sivyo rangi zitalala mshazari.

Simu haitazami mbele moja kwa moja. Kanuni ni rahisi: urefu wa wimbi ukigawanywa kwa umbali wa mifuo unakupa sini ya pembe. Kwa kijani cha nanomita 546 unapata 546/740, yaani pembe ya nyuzi 47 na nusu hivi. Kata boksi ili simu iegemee kwenye pembe hiyo, kisha ibane kwa solotepu isitikisike. Funga mwelekeo wa lenzi na kiasi cha mwanga kwenye programu ya kamera. Simu ikiachwa ijirekebishe yenyewe, vipimo vya leo havitalingana na vya kesho.

Usilielekeze boksi kwenye jua ukachungulia. Wala usivunje taa yoyote kupata kilicho ndani, kwa sababu taa za tyubu na enaji seva (zile za tyubu iliyopinda, si za LED) zina zebaki.

Hatua ya pili: uhakiki wa kipimo

Mizani ya sokoni Mgandini hukaguliwa kwa mawe ya uzito unaojulikana. Boksi lako nalo linahitaji mawe yake, na mawe hayo ni zebaki. Washa enaji seva, elekeza mwanya, piga picha. Utaona mistari ya rangi. Zambarau-bluu ni nanomita 435.8. Kijani chenye nguvu ni 546.1, ingawa kwenye enaji seva kina jirani wa karibu upande wa bluu, anayetoka kwenye unga wa terbi uliopakwa ndani ya kioo. Chekundu, karibu na 611, kinatoka kwenye unga wa europi.

Fungua picha kwenye kompyuta usome namba ya pikseli ya kila mstari. Tuseme 435.8 imeangukia pikseli 820 na 546.1 pikseli 1260. Tofauti ya nanomita 110.3 ukiigawa kwa pikseli 440 unapata nanomita 0.25 kwa kila pikseli. Sasa tabiri: 611 inapaswa kuwa karibu na pikseli 1519. Ikikosekana hapo, usilikunje boksi. Tawanyiko la mifuo halinyooki kabisa, kwa hiyo pitisha mkunjo wa kipeo cha pili kwenye nukta zako tatu, kisha uhakikishe kwa mstari wa nne ambao hukuutumia.

Huo mstari wa nne uko jikoni. Mchuzi wenye chumvi ukifurika ukaangukia moto wa gesi, moto unageuka njano: ni sodiamu, mistari miwili ya 589.0 na 589.6. Boksi lako litaionyesha kama mmoja. Usisikitike, umeshajua uwezo wa kifaa chako: hakitenganishi vitu vilivyopishana nanomita 0.6. Iandike namba hiyo juu ya boksi kwa kalamu ya wino, maana tutaihitaji. Ukiangalia ule moto wa bluu usio na chumvi utaona ukanda wa kijani unaoanzia karibu na 516.5. Hiyo ni molekuli ya kaboni mbili, na kaboni tutakutana nayo tena mbele.

Hewa yetu ya pwani ina chumvi na unyevu, na kuvu hupenda lenzi. Kifaa kikae kwenye kopo linaloziba vizuri pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu vipya.

Sasa mgongano wenyewe

Katika maabara za myeyungano, pete mbili za plazma huundwa kwenye ncha mbili za bomba, kila moja imejifunga kwa uga wake wa sumaku, kisha hurushwa zikutane katikati. Mashine ya C-2W ya kampuni ya TAE Technologies kule California ilifanya hivyo. MAST ya Culham, Uingereza, iliweza kuanzisha plazma yake kwa kuunganisha pete mbili, na Chuo Kikuu cha Tokyo wameishughulikia njia hiyo kwa miaka mingi. Kwenye mashine ya MAGPIE ya Imperial College London, mikondo ya plazma yenye sumaku hugonganishwa ili kuchunguza mahali hasa inapokutana. Mistari ya uga iliyoelekea pande zinazopingana hukatika na kuungana upya, na nishati ya sumaku na ya mwendo inageuka joto.

Kabla ya kuchagua kifaa, piga hesabu ya unachotarajia. Chukua deuteri, ile hidrojeni nzito. Ioni moja ya deuteri, yaani atomi iliyong'olewa elektroni, ikienda kilomita 100 kwa sekunde ina nishati ya mwendo ya elektronivolti 104 (elektronivolti ni kipimo kidogo cha nishati cha chembe). Nishati hiyo yote ikigeuka joto la ioni, halijoto itakuwa karibu elektronivolti 70, na kwa kuwa elektronivolti moja ni nyuzi 11,600 za Kelvini, hiyo ni kama nyuzi 800,000. Myeyungano unataka nyuzi zaidi ya milioni 100, kwa hiyo mgongano wa kasi hii ni mwanzo tu. Kasi ikiongezeka mara mbili, nishati inaongezeka mara nne. Andika 70 kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Vipimo vikikuletea 30, kuna nishati ya kutafuta ilikokwenda: kwa elektroni, kwenye sumaku, au ukutani.

Kamera: anza na umbo

Kwa kasi ya kilomita 100 kwa sekunde, plazma inasogea sentimita 10 kwa kila mikrosekunde moja. Simu ikifungua kamera kwa sekunde 1/1000, pete ingekuwa imeshasafiri mita 100. Unahitaji kamera inayofunguka kwa nanosekunde 50 au chini, muda ambao plazma husogea milimita 5. Mbele ya lenzi weka kichujio kinachopitisha mstari mmoja tu, kwa deuteri ni 656.1. Bila kichujio utapiga picha ya uchafu wa ukutani ukidhani ni plazma.

Picha bado ni jumla. Ikiwa plazma ni ya duara kama bomba, unaweza kuifungua kwa njia ambayo watafiti huita kumenya kitunguu: mstari unaopita ukingoni kabisa unakatiza ganda la nje peke yake, kwa hiyo unajua mwanga wa ganda hilo, unautoa kwenye mstari unaofuata, na kuendelea hadi kitovu. Kosa dogo la nje hujikusanya kadiri unavyoingia ndani, kwa hiyo namba za kitovuni uziamini kidogo kuliko za pembeni. Na wakati wa mgongano wenyewe, pete zikiwa zimepinda, sharti la duara huvunjika. Hapo usimenye kitu, ongeza kamera ya pili upande mwingine, kama yule wa Sahare.

Spektra: mahali nilipokaa muda mrefu zaidi

Spektra ni mwanga uliotawanywa kwa rangi zake, kama ulivyofanya na boksi. Chanzo cha mwanga kikikukaribia, mistari yake inasogea upande wa bluu, kikienda mbali inasogea upande wa nyekundu. Kiasi cha kusogea ni kasi ikigawanywa kwa kasi ya mwanga, kisha kuzidishwa kwa urefu wa wimbi. Na ioni zenye joto zikikimbia huku na huko, mstari unanenepa. Kwa hiyo mstari mmoja unabeba habari mbili: mahali ulipo unakupa kasi ya plazma nzima, na unene wake unakupa joto.

Utavutiwa na mstari wa deuteri wa 656.1 kwa sababu unang'aa sana. Uwe mwangalifu. Mstari huo hutolewa na atomi ambazo bado zina elektroni yake, na nyingi ziko kwenye ukingo wenye baridi. Joto utakalolisoma ni la ukingo. Ioni za deuteri za kitovuni hazina elektroni hata moja, kwa hiyo hazina mistari. Watafiti huzisoma kupitia wageni: kiasi kidogo cha heli au kaboni kilichomo ndani ya plazma. Kaboni iliyopoteza elektroni mbili ina mstari wa 464.7, na heli iliyopoteza moja ina wa 468.6.

Chukua kaboni kwa kasi na joto letu. Ukitazama kwa kufuata mhimili wa bomba, pete inayokuja inausogeza mstari nanomita 0.155 kwenda bluu, na inayokwenda mbali inausogeza kiasi hichohicho kwenda nyekundu. Kabla ya mgongano utaona vilele viwili vilivyoachana nanomita 0.31. Baada ya mgongano, mwendo ukigeuka joto, vilele hivyo vinajaa katikati na kuwa kilima kimoja kipana: kwa elektronivolti 70, upana wake kwenye nusu ya kimo ni kama nanomita 0.09. Kilichokuwa mbio za pamoja kimekuwa msukosuko wa kila upande, na unaona kwa macho kwenye karatasi moja. Sijui picha nyingine katika fizikia inayonigusa kama hiyo.

Ukitazama kutoka ubavuni kwa pembe mraba, kusogea kunapotea kabisa na unabaki na unene. Kwa hiyo weka mistari miwili ya kutazamia, mmoja wa mhimili, mmoja wa ubavu. Sasa soma tena namba iliyo juu ya boksi lako: haitenganishi 0.6. Kazi hii inataka kifaa chenye upana wake binafsi wa karibu 0.03, na hata huo lazima uutoe. Ukipima 0.095, hutoi 0.03 moja kwa moja. Unatoa miraba: 0.095 mraba kutoa 0.03 mraba, kisha kipeuo cha pili, unapata 0.090.

Nilipokuwa masomoni niliwahi kupewa data ya mgongano niichambue. Nikaona vilele viwili vya kaboni, nikaandika kasi, nikafurahi. Wiki tatu baadaye ndipo nilipokumbuka kwamba mstari wa 464.7 hauko peke yake: una ndugu wawili, 465.0 na 465.15. Kilele changu cha pili kilikuwa ndugu, wala si pete ya pili. Na kwa kasi ya kilomita 100 mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu mkubwa akisogea kwenda nyekundu anaangukia karibu palepale ambapo ndugu yake anafika akisogea kwenda bluu. Dawa yake ni kuwachora wote watatu kwa pamoja, nguvu zao zikiwa katika uwiano wa 5:3:1, kwa kila pete. Usikubali uchambuzi wa mstari huo uliotumia kilima kimoja.

Wiani, elektroni na sumaku

Kwa wiani wa elektroni, yaani ziko ngapi kwenye ujazo fulani, tumia intaferomita. Miale miwili ya leza moja inaachana, mmoja unapita kwenye plazma, mwingine unapita nje, kisha inakutanishwa. Plazma huyawahisha mawimbi ya mwale unaopita ndani yake, na tofauti hiyo inahesabika. Kwa leza ya kaboni dioksidi ya mikromita 10.6, na plazma yenye elektroni 5×10¹⁹ kwa kila mita ya mraba ya njia, tofauti ni radiani 1.5. Kwa leza nyekundu ya heli na neoni ni 0.09 tu. Lakini vioo hutikisika, na mtikisiko huathiri zaidi wimbi fupi. Tumia leza zote mbili kwenye njia moja: ile ndefu inahisi plazma zaidi, ile fupi inahisi mtikisiko zaidi, na kwa milinganyo miwili unavitenganisha.

Kwa joto la elektroni njia inayoaminika kuliko zote ni mtawanyiko wa Thomson. Leza yenye nguvu inapigwa kwenye plazma, elektroni zinautupa mwanga pembeni, na upana wa rangi iliyotupwa unaonyesha mbio zao. Mwaka 1969 timu ya Waingereza kutoka Culham ilisafirisha vifaa vyake hadi Moscow kupima mashine ya T-3 ya Warusi, kwa sababu nchi za Magharibi hazikuamini joto lililotangazwa. Walikuta elektroni zikiwa na karibu elektronivolti 1,000, yaani zaidi ya nyuzi milioni 10. Utafiti wa dunia ukageukia tokamaki, yaani mashine za aina ya T-3 zinazofunga plazma kwa sumaku ndani ya chombo cha umbo la pete.

Ugumu wake ni uchache. Kwa wiani wa 10²⁰ kwa mita ya ujazo, katika sentimita moja ya njia fotoni (chembe ya mwanga) moja tu kati ya bilioni 15 ndiyo inayotupwa. Mng'ao mdogo kutoka kwenye ukuta unaizamisha. Nusu ya kazi ni kupaka rangi nyeusi, kuweka mitego ya mwanga na kupiga leza bila plazma ili ujue uchafu ni kiasi gani. Leza za nguvu hii hupofusha kwa mwako mmoja, hata ulioakisiwa. Miwani ya leza husika huvaliwa kabla ya kuwasha, na saa na pete za mkononi zinavuliwa.

Sumaku ndiyo ngumu zaidi kwa mwanga. Pieter Zeeman alionyesha mwaka 1896 kwamba uga wa sumaku huathiri mistari ya spektra, lakini kwa tesla moja mstari wa 656 husogea nanomita 0.02 tu, unamezwa na unene wa joto. Kuna pia kuzunguka kwa mwelekeo wa mwanga, athari ya Faraday, lakini kwa leza ya mikromita 10.6, wiani wetu uleule wa 5×10¹⁹ na tesla moja, mzunguko ni kama sehemu 8 za mia za nyuzi. Unapimika kwa subira, na unakupa wiani mara uga, vikijumlishwa kwenye njia nzima, kwa hiyo bila intaferomita hauna maana. Weka koili ndogo za kuhisi sumaku ukutani pia, usione haya.

Saa moja kwa vifaa vyote

Mwanga husafiri sentimita 30 kwa nanosekunde, ishara ndani ya kebo kama sentimita 20. Kebo ya mita 10 inachelewesha nanosekunde 50, muda mzima wa picha yako moja. Pima kila kebo, andika ucheleweshaji wake kwenye lebo, na kila siku ya kazi rusha mwako mmoja mfupi wa leza ambao vifaa vyote vinauona.

Fanya jaribio lake leo kwenye laptopu

Huna bomba la plazma Chumbageni, lakini una Python, lugha ya kuandikia programu. Andika programu fupi: mistari mitatu ya kaboni kwa uwiano wa 5:3:1, pete mbili, kasi ya 100 kila upande, joto la 20 kabla na 70 baada ya mgongano. Vinenepeshe kwa upana wa kifaa wa 0.03, viweke kwenye pikseli za nanomita 0.01, kisha ongeza kelele za fotoni. Hifadhi faili bila namba zako na mpe mwenzako atafute kasi na joto. Akizipata, punguza fotoni kwa nusu umpe tena. Endelea hivyo hadi atakapokupa kasi ambayo hukuiweka, kisha mwandike pamoja ilikuwa fotoni ngapi.